Rejeta ya Gari la Godwin

Kidia, Old Moshi
Jumapili, baada ya ibada

Mpendwa Mama,

Shikamoo. Natumaini unaisoma barua hii ukiwa umeketi vizuri, mguu umepungua uvimbe, na wajukuu wako mapacha wamekuacha upumue japo kidogo. Sisi huku nyumbani tu wazima. Grace amerefuka mno. Ukimwona kwa mbali getini utadhani ni shangazi yake Elizabeth enzi zile. Ng'ombe wako mwekundu amezaa ndama jike, na maziwa ni mengi hadi majirani wamechoka kupewa. Migomba ya upande wa mfereji imesimama vizuri, ila ile ya chini upepo umeilaza kidogo na tumeiwekea miti ya kuiegemeza. Umoja wa Wanawake wanakuulizia kila Jumapili. Wanasema sauti ya pili ya kwaya yao imekuwa nyembamba tangu uondoke.

Mpe wifi Elizabeth salamu zangu nyingi, na umwambie zile nguo za watoto alizoniagiza nimeshazichagua, nazo anazo Salvina wa duka la pembejeo, ambaye ndiye amekuletea barua hii. Nimemwomba aikabidhi mkononi mwako na si kwa mtu mwingine. Najua utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Simu ya Elizabeth inasikika sebule nzima, na wewe mwenyewe hupendi mazungumzo ya kukatikakatika. Ninayotaka kukueleza yanataka utulivu, na pengine utapenda kuyasoma mara ya pili.

Habari kubwa ni hii: gari la Godwin linatembea.

Tafadhali yatafakari kidogo maneno hayo, Mama, kabla hujaendelea. Mimi pia ilinichukua muda kuyaamini.

Unakumbuka asubuhi ile unaondoka kwenda Mwanza ulivyosimama mbele ya turubai lililolifunika ukasema kwamba mwanao alilijenga kwa miaka minne na Mungu akamchukua kabla hajaliwasha, na kwamba huwezi kuendelea kuliona pale kila ukifungua mlango. Ama litembee ama liondoke. Maneno yako yalinikaa moyoni. Baada ya Pasaka ukoo ulikutana, na shemeji Ebenezeri akasimama kusema kwamba gari limekuwa kama kaburi la pili pale uani, kuku wanataga ndani yake, na kwamba amepata watu wa chuma chakavu watakaokuja na lori kulichukua. Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Nikaomba nafasi ya kusema. Nikasema gari la mume wangu halitauzwa kwa kilo, litamaliziwa. Mmoja wa wazee akaniuliza, kwa upole tu, ni nani atakayelimalizia. Nikamwambia ni mimi. Wakanipa mpaka Krismasi, watu wote watakapokuwa wamerudi nyumbani. Nafikiri walinipa muda huo ili nichoke mwenyewe.

Godwin hakuacha mchoro. Gari zima alikuwa nalo kichwani. Lakini kazi ngumu alikuwa ameshaifanya: fremu ya mabomba ya mraba, viti viwili mbele, bodi ya kubebea mizigo nyuma, na ile injini ya gari aina ya Noah aliyoifungua na kuifunga upya kwa mikono yake pale kwenye baraza la jikoni, akipanga vipande juu ya magazeti huku wewe ukimfokea kuhusu mafuta sakafuni. Nilimwita fundi umeme akaunganisha nyaya, na betri mpya ilipofungwa injini iliwaka, ikanguruma hadi Grace akatoka ndani anakimbia. Ilibidi kuizima haraka. Mbele yake palikuwa wazi. Kitu kimoja kikubwa ambacho Godwin hakuwahi kukipata ni rejeta ya kupozea maji ya injini.

Ebenezeri, ambaye nilidhani atanipinga hadi mwisho, ndiye aliyeleta rejeta ya kwanza. Alikuja nayo ameifunga begani kwa kamba, akasema ameshindwa kulala tangu kile kikao. Ilikuwa ya gari dogo la mjini, safi, nyepesi, na iliingia kwenye nafasi ile kana kwamba ilipimwa. Nilimuuliza kama haitakuwa ndogo kwa injini ile. Akanihakikishia kwamba maji ni maji, mradi yanazunguka. Basi tukaifunga, tukajaza, na Jumamosi tukashuka na gari. Udereva nilikuwa nimejifunza mjini tangu mwaka jana. Hukujua kwa sababu sikumwambia mtu.

Kushuka hadi sokoni Kiboriloni kulikuwa raha tupu. Watu walisimama kando ya barabara wakitucheka, kisha wakatupungia. Ila kupanda kurudi ndiko kulikosema ukweli. Tulipofika ile kona kali ya shule, mvuke ukapanda mbele ya kioo hadi sikuona barabara, harufu ya maji ya moto ikajaa. Nikavuta breki na kuzima. Gari lilikuwa limechemsha. Ebenezeri aliruka nje na tambara mkononi akitaka kufungua kifuniko cha rejeta, na nilimwahi kwa kumvuta shati hadi vifungo vikakatika. Angekifungua, maji yale yangemvua ngozi ya uso. Tulikaa ukingoni mwa barabara mpaka chuma kikapoa. Nilikuwa nawaza jambo moja tu: gasketi ikiungua, silinda hedi ikipinda, injini aliyoifunga Godwin imekwisha, na hakuna mikono mingine kama ile ya kuifunga tena.

Mungu ni mwema, injini ilipona. Fundi mmoja wa injini aliipima akasema safari hii tumesamehewa, nyingine huenda tusisamehewe.

Nilikwenda mjini kwa muuza vipuri. Yeye aliniambia dawa ya gari kuchemsha ni moja, rejeta kubwa, na kadiri inavyokuwa kubwa ndivyo bora. Akanionyesha ya lori. Karibu nikubali, lakini unajua mimi nimefungua belo za mitumba kwa miaka mingi pale Kiboriloni. Mtu akiniambia koti kubwa ndilo bora, namuuliza linamfaa nani. Kwa hiyo nikamwambia nitarudi. Siku ya soko nilikuwa na mzigo wa kuuza kule kwenye soko la Kwa Sadala, na huko nilikuwa nasikia kuna fundi wa rejeta anayetengeneza za matrekta na pampu za umwagiliaji. Nikamtafuta.

Anaitwa Shedrack. Ni mtu wa Kahe kwa asili, wa makamo, mrefu, mwenye makovu ya moto mikononi. Nilimkuta amezamisha rejeta kwenye pipa la maji, anapuliza upepo ndani yake na kutazama mapovu yanatokea wapi. Nilimweleza shida yangu nikitarajia ataniuzia kitu. Badala yake akaanza kuniuliza maswali. Injini ni ya ukubwa gani? Gari litabeba nini? Litapita njia gani, na kwa mwendo gani?

Nikamjibu kwamba litabeba belo za nguo na madumu ya maziwa, kutoka Kiboriloni hadi Kidia, gia ya kwanza na ya pili karibu njia nzima.

"Basi shida yako si maji, mama," akasema. "Shida yako ni upepo. Gari likikimbia kwenye lami, upepo unakuja wenyewe. Wewe unapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Upepo itabidi uuvute."

Akanieleza kwamba rejeta ya lori ingeninyima raha kwa njia nyingine. Ni nzito, ingening'inia chini kwenye fremu nyepesi kama ile, na nusu yake ingejificha nyuma ya bati mahali ambapo hewa haifiki. Ningebeba uzito wa bure kupanda mlima. Ninachohitaji ni ya kadiri, yenye unene wa kutosha, inayokaa yote mbele ya tundu la hewa, na feni inayoifunika vizuri. Akaongeza kwamba kifuniko nacho kiwe na springi nzima, maana maji yaliyobanwa hayachemki upesi. Alivyokuwa akieleza, sikuona anajionyesha. Alikuwa kama mtu anayekuelekeza njia ya kwenda kwake.

Alikuwa na mbili za ukubwa huo. Moja ilikuwa ya alumini yenye matangi ya plastiki, inang'aa. Nyingine ilikuwa ya shaba, nyeusi kwa vumbi na mafuta, imeshalehemiwa mahali pamoja. Yeye alinishauri ya alumini, akisema ni nyepesi na inapoza haraka. Nikamwomba aniachie nizichague mwenyewe. Nilifanya ninavyofanya na nguo. Niliziinua juani nikatazama mwanga unapita wapi na umeziba wapi. Nilipitisha vidole kwenye mishono. Nilinusa ndani. Nikajaza maji kila moja, nikaigeuza kuona inatoa kwa kasi gani. Ya shaba ilitapika yote mara moja, na ya alumini ilitoa kwa kusitasita, kama mtu mwenye mafua. Isitoshe, kwenye kona ya tangi la plastiki niliona alama nyembamba kama unywele. Nikamwambia gari langu limejengwa uani, fremu yake inajipinda kwenye mashimo, na plastiki hii itapasuka kabla ya mvua za masika. Ya shaba ikitoboka, itazibwa hapa hapa.

Alichukua ile ya alumini, akaitazama juani muda mrefu. Kisha akaiweka kando, akasema hataiuza kwa mtu yeyote, na kwamba nimechagua vizuri. Ila akasema niweke raba chini ya miguu ya rejeta ili isitikiswe, na nisifunge feni bila kava. Kava ni bati linalozunguka feni na kushikana na rejeta, ili feni inapovuta hewa isiitoe pembeni. Hapo mimi ndiye niliyekataa. Niliona kava ni urembo, na miezi niliyopewa ilikuwa ikipungua. Nilikuwa nimeshinda hoja moja na nikadhani nimeshinda zote.

Shedrack alikuja mwenyewe Kidia kuifunga. Alipolitoa turubai alilizunguka gari lote, akapitisha kiganja juu ya maungio ya kuchomelea, kisha akaniuliza ni nani aliyechomelea. Nikamwambia ni marehemu mume wangu. Akavua kofia. Hakusema pole nyingi kama watu wanavyosema. Alisema tu kwamba mtu huyu hakuwa na haraka. Nilifurahi, Mama, kwa sababu ni kweli kabisa. Godwin hakuwahi kuwa na haraka, na wewe ndiye unayejua zaidi.

Alipomaliza kuifunga tukashuka, tukapakia belo mbili Kiboriloni, tukaanza kupanda. Kwenye kona ya shule gari lilipita bila mvuke. Nilipiga usukani kwa kiganja kwa furaha. Lakini juu zaidi, pale barabara inapobana kati ya migomba ya vihamba, mshale wa joto ukaanza kupanda. Nikakaza macho. Ukapanda tena. Nilizima kabla haujafika kwenye nyekundu, nikakaa pale nimeshika usukani, nikijua kosa ni la nani. Nilingoja aseme alivyoniambia. Alishuka, akaweka jiwe nyuma ya gurudumu, akauliza kama kuna bati lililobaki nyumbani. Tulipofika uani, akiwa amesubiri injini ipoe vizuri, alikata bati, akalikunja, akalipiga riveti, na kufikia saa ya chai kava lilikuwa limekaa. Wala hakunitazama kwa jicho la ushindi.

Jumamosi iliyofuata nilipanda peke yangu, belo tatu nyuma. Ebenezeri alitaka kuja, nikamkatalia. Injini iliunguruma kwa sauti moja, feni ilivuma, na mshale ulikwenda hadi katikati ukatulia, ukakaa hapo hapo kama umepigwa msumari. Nilipita kona ya shule. Nilipita ile sehemu nyembamba. Nilipita kanisa, na wanakwaya waliokuwa wakifanya mazoezi nje walikatiza wimbo wakapiga vigelegele. Nikaingia uani na kuzima. Ebenezeri alikuwa amesimama pale mlangoni kwako. Alilikumbatia lile boneti la moto, akalia kama mtoto.

Askari wa usalama barabarani wamelikagua pia. Walicheka kabla ya kulikagua, baadaye hawakucheka. Lina namba, lina bima, na kila asubuhi linashusha maziwa ya kina mama wa mtaa wetu. Hakuna atakayelizungumzia tena kwa habari ya chuma chakavu.

Sasa, Mama, nifike kwenye lililonifanya nichukue karatasi.

Siku ile niliyopanda peke yangu, nilipozima injini nilibaki nimekaa kwenye kiti, na ndipo nikagundua kwamba kutoka Kiboriloni hadi uani sikuwa nimemkumbuka Godwin hata mara moja. Nilikuwa ndani ya gari lake, nimeketi kwenye kiti alichokishona, nimeshika usukani aliouchagua, na akilini mwangu palikuwa na barabara tu. Tangu tumzike haikuwahi kupita saa moja ya mchana bila yeye. Nilipata hofu, kama mtu aliyemsahau mtoto sokoni. Halafu ile hofu ikaondoka polepole, na kilichobaki kilikuwa furaha. Nimeishi nayo kwa wiki kadhaa kabla ya kukubali kuiita hivyo.

Shedrack ameniomba tuoane.

Hakuniomba siku zile za gari. Kwa majuma mengi nilikuwa nikipita Kwa Sadala siku za soko, nikikaa kwenye benchi lake, tukizungumza. Ni mjane kama mimi. Mkewe alifariki zamani, na kijana wake mkubwa anafanya kazi Tanga. Siku moja akiwa ameinamia kazi, bila kuinua uso, alisema, "Mama Grace, ningependa niwe natengeneza vitu vyako vyote, si rejeta tu." Nilicheka hadi wateja wakageuka. Nikamwambia hayo ni maneno mabaya kuliko yote niliyowahi kuambiwa na mwanaume, ayaseme upya. Akaweka chini moto wa kulehemu, akafuta mikono, akanitazama, akayasema upya, na safari hiyo aliyasema vizuri.

Nimekubali, Mama. Nakuandikia kabla ya Ebenezeri kujua, kabla ya mchungaji, kabla hata ya mama yangu aliyenizaa. Grace anajua, kwa sababu haiwezekani kumficha kitu yule. Jioni alinifuata jikoni akaniuliza kama Shedrack anakula kiburu chetu cha ndizi na maharage. Nikamwambia anakula. Akasema basi.

Yako mambo ambayo hatujayamaliza. Yeye ni Mkatoliki, na kila tukilizungumzia hilo tunaishia kucheka au kununa. Kihamba hiki cha Godwin, shamba na nyumba, hakiendi popote. Ni cha Grace, mjukuu wako, na mbele ya ukoo nitalisema hilo kabla hawajaniuliza. Gari nalo ni la nyumba hii. Na wewe ni mama yangu. Uliponiosha miguu siku ile naingia kwenu kama bibi harusi, hukuniosha kwa ajili ya Godwin peke yake. Ndivyo nilivyoelewa, na sijabadilika.

Siombi ruhusa, maana mimi ni mtu mzima na sitaki kukudanganya kwa unyenyekevu wa uongo. Naomba tu nisikie kwako mwenyewe lililo moyoni. Kama ni maumivu, niambie maumivu. Najua mimi naweza kupata mume mwingine, na wewe huwezi kupata Godwin mwingine. Nimeliwaza hilo mara nyingi kuliko unavyoweza kudhani, na kila nikiliwaza kalamu hii inakuwa nzito.

Usijibu kwa simu, na usihangaike kuandika kwa macho yako yanayochoka upesi. Elizabeth amesema daktari akikuruhusu utarudi kabla ya sikukuu. Nitakuja kukupokea stendi ya Moshi. Utakaa mbele, nimekuwekea mto wa kuegemeza mguu. Tukishavuka Kiboriloni na kuanza kupanda, nitakuwa nimekaza macho barabarani na sitaweza kukugeukia. Hapo ndipo uniambie. Ukiwa umekubali au ukiwa umekataa, nitaendelea kuendesha, na nitakufikisha nyumbani.

Wasalimie wote wa hapo, uwabusu mapacha kwa niaba ya Grace, na umshukuru sana Salvina kwa kunibebea mzigo huu mdogo. Mungu akulinde usingizini na njiani.

Ni mimi binti yako,
Elinipendo, Mama Grace